Mpini wa Ufagio

Chumvi ndiyo iliyolila, si umri.
Kila Novemba malori ya manispaa huimwaga barabarani
kutoka Rimouski hadi Matane, tusiteleze mtaroni,
na kila Aprili nachuchumaa nyuma ya steshenwagoni yangu
nakuta tundu jipya, kingo zake kama mkate ulioungua.
Miaka kumi na tisa. Kilomita laki nne na ushei.
Ghislain alipitisha kidole kwenye sakafu,
kikatokea upande wa pili, akakitikisa kunisalimu.
“Réjeanne,” akasema, “mimi ni fundi.
Hapa anatakiwa kasisi.”

Kazi yangu ni kulinganisha nyuzi za piano:
makanisa yaliyobaki na waumini tisa,
hoteli za kando ya mto zinazofungwa baridi ikianza,
na bibi mmoja wa Trois-Pistoles asiyejua kupiga
ila hataki chombo cha mamaye kinyamaze.
Siku nyingine kukaza hakutoshi.
Nautoa ubao mzima wa vibonye, nyundo zake themanini na nane,
naulaza nyuma ya gari kama mgonjwa,
narudi nao nyumbani polepole, nikiomba radhi kila shimo.

Basi nikakata mpini wa ufagio,
urefu sawa na ule ubao,
nikaenda nao kutafuta gari.

Kijana wa dukani alinionyesha kioo kikubwa kama trei,
usukani unaojipasha moto.
Nikafungua buti. Mpini ukagoma mlangoni.
La pili lilinuka mbwa, na juu ya mbwa, marashi.
La tatu nilipapasa chini ya zulia
nikatoka na matope makavu kwenye kucha:
gari lililowahi kunywa mto na kuapa halijaonja.
Kipya kinyemi ingawa kidonda, najua,
lakini kidonda hiki kilikuwa bado kibichi.

La nne, krosova ya kijivu, ya Fernand Thibodeau,
mfamasia mstaafu. Kilomita elfu thelathini na moja:
kanisani, sokoni, na kwenye mchezo wa mawe barafuni.
Risiti zimepangwa kama dawa, asubuhi na jioni.
Matairi ya theluji kayavika mifuko, kila moja na jina lake:
mbele kushoto, nyuma kulia.
“Kwa nini unaliuza?”
“Daktari kachukua leseni yangu,” akajibu,
akimtazama mtu aliyesimama nusu hatua kando yangu.

Akauliza kile nilichoshika ni nini.
Nikamweleza. Akakipokea, akakipima kwa viganja,
akalaza kiti kimoja, akakiingiza yeye mwenyewe.
Wima, hapana.
Kwa mshazari kikaingia,
vikabaki vidole viwili.

Nikawasha. Injini ilinong'ona kama jokofu la jirani,
chini kidogo ya la;
mkono wangu ukatafuta ufunguo wa kuikazia.

Nilikuja na maneno yangu tayari: mkwaruzo wa bampa,
dola mia saba zipungue.
“Mkwaruzo gani?” akauliza. “Mimi siuoni.”
Sikujua kama ni mzaha.
Nikalipa zote.

La zamani lilivutwa Jumanne kwa dola mia tatu.
Chini ya kiti nilikuta nyundo moja ya piano, sufu imeliwa na nondo,
na sikukumbuka ni ya piano ipi.
Hili jipya linalia kwa kila kitu: mstari, paka, mfuko uliopeperuka.
Lakini nimekaa juu sasa.
Njiani Matane nauona mto mzima juu ya vizuizi,
ule ambao miaka kumi na tisa niliujua kwa harufu.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, simu ikalia usiku.
Hakujitambulisha.
“Umeliosha chini?” akauliza Thibodeau.
“Chini, Bibi. Huko ndiko inakoanzia.”